Umechimba Shimo, Maji Ni Yako

Skiza. Wacha niseme hili jambo sasa wakati jua bado linawaka, kwa sababu mvua ikishaanza, kila mtu hapa Nairobi huwa na huruma na hakuna mtu huwa na akili.

Kama umejenga ghorofa na chini yake ukachimba orofa ya kuegesha magari, hiyo besimenti ni shimo. Unaweza kuipaka rangi, ukachora mistari ya njano, ukaweka taa zinazojiwasha mtu akipita. Maji hayasomi matangazo ya nyumba. Maji yakiona shimo yanashuka. Ndiyo kazi yao tangu dunia iumbwe, na hayajawahi kukosa kazini hata siku moja.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na sitauzunguka: ukichimba shimo, maji yatakayoingia humo ni yako. Si ya Mungu, si ya kanjo, si ya mpangaji, na si ya soja unayemtuma na ndoo saa nane usiku. Ni yako. Na kuna njia moja tu ya kuonyesha umekubali. Uwe na pampu ya shimo inayofanya kazi. Iwe na stima yake hata ya mtaa ikipotea. Kuwe na mtu mwenye jina anayeijaribu kila mwezi. Na mpangaji akiuliza, aonyeshwe. Bila hayo unauza uongo wenye lifti.

Kabla mniulize digrii ya uinjinia iko wapi: haiko. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa na mimi nikakataa kuingoja. Siku hizi kazi yangu ni kuzunguka na simu nikirekodi nyumba za kupanga, hapa Nairobi na viunga vyake. Ajenti ananipigia, naenda, naonyesha jikoni, naonyesha balkoni, naonyesha ile jimu yenye mashine mbili. Na kila mara naomba kitu kimoja zaidi: nipelekwe chini nionyeshwe pampu.

Majibu ninayopata ndiyo yamenifanya niandike. Kuna yule anacheka. Kuna yule anasema "iko" lakini hataki kusema iko wapi. Kuna mwingine alinipeleka mbio hadi kwenye mashine ya kupandisha maji kwenye tangi la juu, akaipiga kofi kama ng'ombe wa kuuza, akaniambia, "Si hii hapa?" Buda, hiyo ni ya kuleta maji. Mimi nauliza ya kutoa.

Sasa najua kuna msee anasema, mimi sina gari, mambo ya pakingi yananihusu nini? Hao wenye Prado wajipange.

Shuka chini siku moja uangalie kilicho huko. Kwa majengo mengi, tangi kubwa la maji liko huko, lile bauza hujaza mkikosa maji ya mfereji. Kifuniko chake mara nyingi kiko sawa na sakafu. Maji ya barabarani yakifika hapo, yakiwa yamebeba mafuta ya magari, takataka na kinyesi cha manholi iliyofurika, yanaingia tangini. Halafu ile mashine ya kupandisha inafanya kazi yake vizuri kabisa: inayasukuma hadi juu. Kesho asubuhi wewe wa orofa ya saba, mwenye huna hata baiskeli, unapigia mswaki. Kipindupindu hakihitaji kupanda ngazi, kiko na bomba.

Angalia tena. Bodi ya stima ya jengo lote iko ukutani huko chini. Jenereta iko huko. Shimo la lifti linaanzia huko, na ni la chini zaidi kuliko sakafu yenyewe. Pampu ya kuzima moto, kama ipo, iko huko pia. Yaani vitu vyote ambavyo jengo linahitaji siku ya shida, tumevikusanya mahali pa kwanza pa kufurika. Alafu tunashangaa mvua ya masaa mawili inawaacha watu wiki nzima bila stima, bila maji na bila lifti, na kuna shosho wa orofa ya tisa anateremshwa mgongoni kwenda kliniki.

Na bado sijafika kwa jambo linaloniuma zaidi. Kwenye majengo mengi niliyoingia, nyuma kabisa ya pakingi, kando ya mapipa ya takataka, kuna mlango mdogo. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, na sare ya ulinzi imetundikwa kwa msumari. Ni kwa soja, au kwa keateka. Huyo hana balkoni. Mvua ikinyesha usiku, huyo ndiye anajua kwanza, kwa sababu maji yanamwamsha kwa miguu.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Pole kwa wahenga, lakini hawakuishi Nairobi yetu. Hapa mchimba kisima analala kwake kilimani juu, na anayeingia ni soja.

Sasa tuongee kuhusu maji yenyewe, kwa sababu mtu akikwambia "mvua ilikuwa ya ajabu" anataka usifikirie.

Jina la huu mji linatokana na maneno ya Kimaasai kuhusu maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka wa 1899, kambi iliwekwa kwenye tambarare yenye majimaji. Mji ulianza kwa kinamasi. Sehemu kubwa ya kusini na mashariki mwa Nairobi imekaa juu ya udongo mweusi wa pamba, ule unaofura ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo udongo haunywi maji haraka. Ukichimba shimo kwenye udongo kama huo ukalijengea kuta, maji yatalizunguka kama wageni wa harusi wanaosubiri chakula kifunguliwe.

Na mvua si siri. Masika ni Machi hadi Mei. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mtoto wa darasa la nne anajua. Mwisho wa 2023 tulinyeshewa na El Niño, halafu masika ya 2024 yakaja yakaua zaidi ya watu 200 nchini. Wengi wa waliokufa hawakuwa na besimenti. Walikuwa Mai Mahiu, walikuwa Mathare, walikuwa kando ya mito. Siwalinganishi na mtu ambaye gari lake limelowa viti. Nasema tu kwamba baada ya mwaka kama huo, mwenye jengo hapa Kenya hana ruhusa tena ya kusema hakutarajia.

Tupige hesabu ya shule ya msingi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hiyo ndiyo kanuni yote, imeisha. Sasa chukua ule mteremko wa magari kushuka chini. Tuseme una upana wa mita 6 na urefu wa mita 25. Hizo ni mita za mraba 150 zilizo wazi juu, na zote zinaelekea ndani. Mvua kubwa ikishusha milimita 60, huo mteremko peke yake umepokea lita 9,000. Hiyo ni mitungi 450 ya lita 20. Soja wako mmoja ana ndoo moja.

Ongeza paa. Kama bomba la kushusha maji ya paa limepasuka au limeelekezwa karibu na mteremko, na paa ni mita za mraba 500, mvua hiyo hiyo inaleta lita 30,000 nyingine. Jumla lita 39,000. Ukiyamwaga kwenye pakingi ya mita za mraba 600, sakafu nzima inafunikwa kwa sentimita 6.5. Na hapo bado sijahesabu maji yanayopenya ukutani kutoka ardhini, yale yanaendelea kuingia hata siku tatu baada ya mvua kuisha, wakati nyinyi mshaanika nguo na kusahau.

Ndiyo maana kuna kitu kinaitwa pampu ya shimo, na si kitu cha ajabu. Mahali pa chini kabisa pa besimenti panachimbwa kashimo. Sakafu inainamishwa ielekee hapo. Mabomba yenye matundu yanazungushwa pembeni mwa msingi, yamezikwa kwenye kokoto, yanakusanya maji ya ardhini na kuyaleta hapo hapo. Ndani ya kashimo inakaa pampu ya kuzamishwa. Pembeni yake kuna boya. Maji yakipanda, boya linapanda, swichi inajiwasha, pampu inasukuma maji juu kupitia bomba hadi mtaroni. Maji yakishuka, boya linashuka, pampu inazima. Kwenye bomba kuna vali inayozuia maji yaliyopanda yasirudi chini. Imeisha. Hakuna roketi hapo.

Pampu ndogo ya kuzamishwa ya kutoa maji machafu haifiki kodi ya mwezi mmoja ya nyumba nyingi zinazopangishwa Kilimani. Jengo linahitaji kubwa zaidi, tena mbili, moja ifanye kazi na nyingine ingoje zamu, lakini bado ni pesa kidogo ukilinganisha na mawe ya kung'aa yaliyowekwa pale mapokezi. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba ni gharama. Mawe ya mapokezi yanaonekana kwenye video zangu. Pampu haionekani. Hiyo ndiyo sababu.

Lakini ngoja, kwa sababu hapa ndipo developa huwa ananijibu: "Pampu tuko nayo."

Sawa. Kuwa na pampu na kutoa maji ni vitu viwili. Nimeziona pampu zenu.

Nimeona pampu ambayo boya lake limejifunga kwa waya wake lenyewe, haliwezi kupanda hata shimo lijae hadi juu. Nimeona shimo limejaa karatasi, matope na chupa za soda zilizooshwa kutoka mteremkoni, na pampu imekaa katikati kama mtu aliyezikwa akiwa hai. Nimeona pampu isiyo na ile vali, kila ikizima maji ya bombani yanarudi shimoni, boya linapanda tena, pampu inawaka tena, na mchezo huo unaendelea hadi mota iungue. Nimeona bomba linalomwaga maji nje mita mbili tu kutoka kwa mteremko, yaani pampu inayatoa, yanapumua kidogo, yanarudi ndani. Hiyo ni kama kulipa deni kwa kukopa kwa mtu huyo huyo.

Na kuna ile ya ukubwa. Kwenye boksi pampu imeandikwa inatoa lita fulani kwa saa. Hiyo namba ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Ukiitaka isukume maji mita 4 au 5 hadi usawa wa barabara, inatoa kidogo kuliko ilivyoandikwa, wakati mwingine nusu au chini ya hapo. Mwenye jengo ananunua kwa kusoma boksi. Mvua haisomi boksi.

Jengo ninaloishi mimi, sitalitaja, lina pampu. Masika yaliyopita maji yalipoingia, hakuna mtu alijua swichi yake iko wapi. Keateka alikuwa wa miezi miwili, hakuna aliyemwonyesha. Yule wa kabla yake alikuwa ameondoka na ufunguo wa kile chumba. Kampuni inayosimamia jengo ilituma ujumbe kwa simu, ikatukumbusha kwamba kila mtu anaegesha gari kwa hatari yake mwenyewe. Ujumbe ulifika haraka sana, hapo niwapongeze. Fundi alifika siku ya pili. Na ada ya huduma ya mwezi huo ilikuja kamili, hadi shilingi ya mwisho.

Halafu kuna mambo ya stima, na hapa ndipo nchi nzima tunajua jibu lakini tunajifanya hatujui. Mvua kubwa ikianza, ni nini hupotea kwanza? Stima. Mti umeanguka kwa nyaya, transfoma imelia, mtaa umekuwa giza. Kwa hivyo pampu inayotegemea stima ya mtaa peke yake ni pampu inayofanya kazi siku zote isipokuwa siku inayohitajika. Ni kama mwavuli unaofunguka wakati wa kiangazi tu.

"Lakini tuko na jenereta." Iko wapi? Iko besimenti. Itaogelea pamoja na pampu. Na hata kama iko juu, je, pampu ya shimo imeunganishwa kwake? Uliza. Mara nyingi utakuta jenereta inaendesha lifti, taa za ngazi na geti la kielektroniki, na pampu haikukumbukwa. Kama jenereta ni ghali, weka betri na inveta za kuibeba pampu masaa kadhaa, bora ziwe zimeinuliwa ukutani juu ya mahali maji yanaweza kufika. Watu tunaendesha televisheni kwa betri tukiangalia mpira wakati wa giza. Pampu ndiyo imeshindikana?

Sasa visingizio. Navijua vyote, nimevisikia vikitolewa kwa suti.

Cha kwanza: "Ni kanjo, mitaro imeziba." Ni kweli mitaro imeziba. Nitawapigia kelele kanjo siku yao, na si mara moja. Lakini mtaro ulikuwa umeziba hata wakati ulikuwa unachimba. Uliuona. Uliuruka kwa viatu vyako ukienda kukagua mjengo. Ukijua jirani yako hana lango, wewe hung'oi lako. Unajenga tuta juu kabisa ya mteremko, maji ya barabara yasivuke. Unaweka mtaro wenye vyuma juu yake pale mteremko unapoishia, uyashike yaliyovuka. Unayaelekeza ya paa mbali. Pampu inapata yale kidogo yaliyobaki. Pampu ni golikipa, buda. Ukimwachia golikipa acheze peke yake bila mabeki, usimlaumu kwa mabao kumi.

Na nikubali hapa kwamba hoja ina mpaka wake. Kama umejenga karibu na mto hadi mto wenyewe ukipanda unaingia kwa mlango, hakuna pampu ya kukuokoa. Kanuni zetu zinataka nafasi ya kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingo wa mto. Wewe ulijenga ndani ya hiyo nafasi, ukachimba na chini. Hapo shida si pampu. Hapo shida ni kwamba hilo jengo halikupaswa kuwa hapo.

Kisingizio cha pili: "Mpangaji hakulazimishwa, ahame." Ahame aende wapi na dipositi yake mmekalia? Na atajuaje jengo analohamia ni kavu, ikiwa kila ajenti anaonyesha nyumba mchana wa Januari? Soko linafanya kazi watu wakiwa na habari. Hii habari mnaificha chini ya ardhi, literally iko chini ya ardhi.

Kisingizio cha tatu ndicho kinanichoma: "Ni mapenzi ya Mungu." Mungu alileta mvua. Shimo lilichimbwa na tingatinga la kukodi, na risiti iko.

Sheria? Iko. Ibara ya 46 ya Katiba inasema mnunuzi wa huduma ana haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji, kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya pesa, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kodi ninayolipa ni ya huduma. Besimenti inayofurika ni kasoro. Na kama umenunua nyumba ndani ya ghorofa, sheria ya 2020 inawapa wenye nyumba shirika lao la kusimamia vitu vya pamoja, na pampu ni kitu cha pamoja. Mna mkutano mkuu. Badala ya kugombana dakika arobaini juu ya mbwa wa nyumba 4B, wekeni pampu kwenye ajenda.

Sasa kwa wewe unayetafuta nyumba mwezi huu. Usiulize "kuna shida ya maji?" kwa sababu utaambiwa maji ni masaa ishirini na nne, na kumbe ni kweli kwa njia mbaya. Uliza haya matano, ukiwa umesimama huko chini:

1. Shimo la pampu liko wapi? Lifunguliwe nilione. Kama limejaa takataka, umeshajibiwa.

2. Keateka ainue boya. Pampu iwake tukisikia, na aliachilie izime. Ikikosa kuwaka, usiambiwe "fundi anakuja". Fundi amekuwa akija tangu tupate Uhuru.

3. Stima ikipotea, nini kinaiendesha, na hicho kitu kimewekwa juu au chini?

4. Maji yanatokea wapi nje, na yakitoka yanaelekea wapi?

5. Nani anaijaribu, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Nionyeshwe daftari. Daftari la shilingi hamsini linatosha. Jengo la mamilioni linaloshindwa na daftari linakuambia kitu.

Na angalia ukuta. Kama kuna mstari wa matope umezunguka pakingi yote kwa urefu mmoja, hiyo ni saini ya maji. Rangi mpya ya chini tu, hadi magotini, ni saini iliyofutwa.

Kuna jambo la mwisho, na hapa naacha utani.

Maji yakishaingia, usishuke. Hata kama gari ni lako, hata kama bado una mkopo wake. Septemba 2022 huko Pohang, Korea Kusini, kimbunga kilileta mvua, mto wa karibu ukafurika, na watu wakashuka kwenye pakingi ya chini ya ardhi kuhamisha magari yao. Maji yalijaa kabla hawajatoka. Watu 7 walikufa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalinyeshea New York, na watu 11 wakafa ndani ya nyumba za besimenti mjini humo. Hizo ni nchi zenye mitaro, zenye kanuni, zenye magari ya kuzima moto yanayofika. Sisi tuna soja na ndoo.

Maji mengi yanaposhuka kwenye mteremko hayaji kwa adabu. Mlango unaofunguka kuelekea upande wa maji haufunguki tena. Maji ya kina cha mita moja yanausukuma kwa uzito ambao mabega yako hayawezi. Na ile bodi ya stima iko ukutani, na huwezi kuona kwa macho kama maji uliyosimama ndani yake yana stima. Kwa hivyo ukiona keateka wako anashuka na ndoo, mwite arudi. Mpigie kelele kama ni lazima. Akikwambia amepewa amri na ofisi, piga simu hiyo ofisi mwambie mwenye amri aje ashuke yeye. Hiyo kazi haiko kwenye mshahara wake, na hakuna mshahara wa kuilipa.

Ndiyo maana naona hili jambo si la mafundi peke yao. Pampu isiyofanya kazi haimaanishi maji hayatatolewa. Inamaanisha yatatolewa na mtu. Na sote tunajua ni mtu gani.

Kwa maajenti wanaonipa kazi, wengi wenu mnanisoma, kwa hivyo niwaambie mapema tusivunjiane heshima kwa simu. Nyumba zenye besimenti narekodi kuanzia chini. Pampu kwanza, jikoni baadaye. Ikiwaka, nitaionyesha na nitaisifu, kwa sababu landilodi anayetunza kitu kisichoonekana anastahili wapangaji. Ikikataa kuwaka, nitaacha kamera iendelee. Wawili wenu mshaacha kunipigia kwa sababu ya hii, na mwezi huu nimeuhisi mfukoni. Ni sawa. Nyumba nitapata zingine.

Na kwako landilodi, msimu bado haujafika. Una wiki chache za jua. Zoa takataka kwenye shimo. Fungua boya lililojifunga. Toa bodi ya stima huko chini, inua kifuniko cha tangi, hamisha kitanda cha soja juu. Weka betri. Mpe mtu mmoja kazi hiyo kwa jina lake, umlipe. Hakuna hata moja hapo linalohitaji kibali cha waziri.

Ulipewa mji wenye jina la maji, ukachagua kuchimba. Sasa yatunze maji yako.